Somo la Kikundi: Je, Mvua Yaweza Kutuletea Stima?



Kikundi kimoja cha akina mama kutoka upande wa Vihiga kimetuandikia barua yenye swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Wamechanga pesa kwa mwaka mmoja na nusu, shilingi 60,000 ziko benki, na walikuwa wamekubaliana kununua gata na matangi ya maji kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Kisha akaja kijana mmoja aliyevaa vizuri, ana picha kwenye simu, akawaambia kuna mtambo unaofungwa chini ya gata. Mvua ikinyesha, mtambo unazunguka na kuleta stima ya kuwasha taa na kuchaji simu. Tena akasema uko mwingine mkubwa unaokuja, wa kunasa umeme wa radi. Anataka nusu ya pesa kama arubuni. Sasa kikundi kimegawanyika. Wenye umri mdogo wanataka mtambo, wakubwa wanataka tangi, na mweka hazina amekificha kitabu cha benki mpaka jibu litoke. (Amefanya vyema.)

Swali lao ni hili: je, mvua ina nguvu ya kawi kweli, au ni maneno matupu?

Jibu fupi ni kwamba nguvu iko. Lakini pesa hazitolewi kwa sababu kitu kipo, hutolewa kwa sababu kinatosha. Kwa hivyo somo la leo ni la kupima. Mwenye kuongoza atayarishe mtungi mmoja wa lita 20, kamba imara, na mtu mwenye saa. Wanaopenda kuanza kwa Neno wasome Luka 14:28-30, habari za yule aliyetaka kujenga mnara. Karani aandike hesabu kwenye karatasi kubwa ili kila mtu azione, hata yule ambaye hakupenda hesabu shuleni.

Mtungi mmoja, dakika moja

Jazeni mtungi maji. Pitisheni kamba juu ya tawi imara la mti, au boriti, kiasi cha mita 3 kutoka chini, yaani kimo cha ukingo wa paa la nyumba ya kawaida. Kijana mmoja avute kamba mpaka mtungi ufike juu. Asiwepo mtu wala mtoto chini yake.

Kazi aliyoifanya kijana huyo ndiyo kawi iliyomo ndani ya maji yale yakiwa juu. Yakishuka, yanairudisha. Sasa tuipime kwa kitu tunachokijua: balbu ndogo ya wati 10, ile ambayo yatosha kuangaza sebule. Mtungi mmoja wa lita 20 ukishuka mita 3 una nguvu ya kuwasha balbu hiyo kwa dakika moja. Waliosoma fizikia watapata hivi: kilo 20 mara mita 3 mara 10 ni 600, na balbu ya wati 10 hutumia 600 kwa sekunde 60.

Dakika moja, basi. Na hiyo ni kama hakuna kitu kinachopotea njiani. Mtambo mdogo hupoteza nusu au zaidi, kwa msuguano, kwa maji yanayoruka pembeni, kwa joto la nyaya. Kwa hivyo tukitaka balbu iwake bila kuzimika, kijana wetu hana budi kupandisha mitungi miwili kila dakika. Mwacheni ajaribu. Atachoka kabla taarifa ya habari ya redio haijaisha.

Kumbukeni kipimo hiki, mtungi mmoja dakika moja, maana tutakitumia mpaka mwisho wa somo.

Paa linapata mitungi mingapi?

Hapa kuna jambo zuri la kujua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 5 ina mita mraba 40. Sehemu nyingi za Vihiga na Kakamega hupata mvua ya milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka. Tuchukue 2,000, tusije tukaambiwa tumemwonea mwenye mtambo. Mara 40, tunapata lita 80,000. Gawanya kwa 20: mitungi 4,000.

Mitungi 4,000 ni dakika 4,000 za balbu moja. Gawanya kwa 60, ni saa 66 na kidogo. Toa nusu iliyopotea, zinabaki saa 33.

Ndugu zangu, mvua yote ya mwaka mzima, masika na vuli, ile inayotufanya tulale tukisikia mabati yakilia, ikipita katika mtambo huo itawasha balbu moja kwa saa 33. Ukiwasha saa 4 kila jioni, taa itakufikisha siku ya nane. Kisha ungoje mwaka mwingine.

Tuangalie pia siku moja moja. Mvua ya kawaida ya milimita 10 ni mitungi 20 kwenye paa letu, yaani dakika 20, na ukitoa hasara ni 10. Mvua kubwa kabisa ya milimita 50, ile inayokata barabara, ni mitungi 100. Ukitoa hasara ni dakika 50 za balbu moja. Betri za simu mbili za kabambe zitajaa, na za tatu hapana.

Mtu aweza kusema: lakini mvua haishuki kutoka paani, inatoka mawinguni, kilomita mbili au tatu juu! Ni kweli, na kama hewa isingekuwepo kila tone lingetupiga kama risasi. Hewa hulishika tone na kulizuia. Baada ya kushuka kidogo tu, tone haliongezi mwendo tena. Tone kubwa hutufikia likienda kiasi cha mita 8 au 9 kwa sekunde, na tone lenye mwendo wa mita 8 lina nguvu sawa na kama lingeangushwa kutoka mita 3 na kitu. Kimo cha paa letu! Nguvu nyingine yote imeishia hewani. Kwa hivyo kunasa tone lenyewe linapopiga bati hakuongezi utajiri. Ni kama kuhesabu mitungi ileile mara mbili tu.

Pengine mmesikia habari za Hong Kong, na nadhani ndizo zilizokuwa kwenye simu ya yule kijana. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha City cha huko walitangaza kwamba tone moja la maji lililoangushwa kutoka sentimita 15 liliwasha taa 100, tena kwa zaidi ya volti 140. Habari hiyo ni ya kweli. Ila taa zenyewe ni zile ndogo kama punje ya mchele, na zilimeta kwa kufumba na kufumbua, basi. Volti peke yake haipiki chai. Ukivua sweta ya nailoni usiku utaona cheche na kusikia zikilia, na cheche hizo zina maelfu ya volti, lakini hujawahi kuona mtu akichaji simu kwa sweta. Utafiti wa namna hiyo una faida yake, labda kwa vipimo vidogo vya hali ya hewa ambavyo havihitaji betri. Kwa taa ya mtoto anayefanya kazi ya shule, bado haujafika.

Na jua je?

Paneli ya sola ya wati 20 haizidi mto wa kitanda kwa ukubwa. Siku yenye jua la kawaida hukusanya nguvu ya kuwasha balbu yetu kama saa 8, yaani dakika 480. Hiyo ni sawa na mitungi 480 kwa siku moja. Paa zima, pamoja na mtambo unaopoteza nusu, lilitupa dakika 2,000 kwa mwaka. Paneli hupata hizo kwa siku nne au tano.

Mwenye mtambo atasema sola hailii mvua inaponyesha. Ni sawa, hupungua sana. Lakini hata siku ya mawingu mazito paneli hiyo hupata sehemu ya kumi ya nguvu yake, mara nyingine robo. Sehemu ya kumi ya dakika 480 ni 48. Linganisheni na mvua kubwa ya kukata barabara, iliyotupa 50. Siku ya manyunyu tu sola itashinda kwa mbali.

Radi

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tufunike vioo na tusivae nguo nyekundu mvua ikija. Radi haichagui rangi wala haitafuti kioo, ila waliotuambia hivyo walikuwa na jambo moja sawasawa: kitu hiki si cha kuchezewa.

Je, radi ina kawi kiasi gani? Wataalamu hukadiria kwamba pigo moja la kawaida lina uniti zipatazo 280, uniti zilezile mnazonunua kwa tokeni. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa, mtaona si utajiri wa kushangaza, ni pesa za kununua mbolea kidogo. Na hizo hazifiki chini zote. Sehemu kubwa huishia njiani kwa kuipasha hewa joto la karibu nyuzi 30,000, zaidi ya uso wa jua, na hewa hiyo inapofura ghafla ndipo tunasikia ngurumo. Kelele, mwanga na joto ndiyo matumizi ya radi. Chini hufika sehemu ndogo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikiwa na mkondo wa ampea 30,000 hivi. Hakuna betri ya kumeza kitu kama hicho. Ni kama kukinga maporomoko ya maji kwa kikombe cha chai. Kikombe kitavunjika na bado una kiu.

Halafu, itapiga wapi? Tuseme mko mahali penye radi nyingi, na kila kilomita mraba inapigwa mara 10 kwa mwaka. Kilomita mraba moja ni ekari 247. Basi ekari yako moja itapigwa mara moja katika miaka 25 hivi. Uniti 280 kwa miaka 25 ni uniti 11 kwa mwaka, kama hakuna hata moja iliyopotea. Mtambo utazeeka ukingoja.

Wako waliojaribu kuiita radi nyumbani. Mwaka wa 1753 mtaalamu mmoja aitwaye Georg Wilhelm Richmann alifunga chuma juu ya nyumba yake huko St. Petersburg, Urusi, apate kupima umeme wa mawingu. Dhoruba ilikuja, akakimbilia chombo chake, na umeme ukamrukia kichwani akafa palepale. Kwa hivyo kijana akija kuwaambia msimamishe nguzo ya chuma ya kunasa radi kwa ajili ya stima, jibu ni hapana, hata akiileta bure. Kizuia radi cha shule au kanisa ni kitu kingine kabisa: waya mnene unaoipeleka radi ardhini bila kupita katika jengo, haukusanyi chochote, na hufungwa na fundi anayejua kazi hiyo. Kama shule yenu haina, hilo ni jambo la kuuliza katika mkutano wa wazazi.

Tukiwa hapo, karani aandike haya kwa herufi kubwa. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa hazifiki 30, ingia nyumbani au ndani ya gari lililofunikwa, wala usirudi shambani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti si mwavuli. Weka jembe chini. Watoto wanaocheza mpira waondoke uwanjani hata kama ni fainali. Na hili ndilo linalopoteza watu: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni mara moja. Kama hapumui na moyo hausikiki, anayejua kusukuma kifua aanze palepale, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Watu husimama mbali wakiogopa, na mtu ambaye angepona anakufa mikononi mwa woga wao.

Upepo wa dhoruba nao tusiutegemee. Huja kwa nusu saa, ung'oe migomba, uishe. Kinu cha upepo kinataka upepo wa kudumu, ndiyo sababu vile vinu 365 vya Ziwa Turkana vilijengwa kule Marsabit karibu na Loiyangalani, mahali penye upepo mkali karibu mwaka mzima. Hapo si mahali pa mvua nyingi hata kidogo.

Nguvu ya mvua iliyofichika

Sasa tugeuze swali. Tumeona kwamba maji ya paani yakishuka mita 3 yana nguvu kidogo sana. Lakini akina mama, chemchemi yenu iko wapi?

Mara nyingi iko bondeni. Tuseme iko mita 50 chini ya nyumba kwa kimo, na kwenda na kurudi ni dakika 40 pamoja na foleni. Mama anayepandisha mtungi mmoja kutoka huko ameuinua mita 50. Kwa kipimo chetu, mita 3 ni dakika moja ya balbu, basi mita 50 ni karibu dakika 17. Hatujahesabu uzito wake mwenyewe, wala mtoto mgongoni. Kila mtungi ambao mvua imeuweka mlangoni umemwondolea mama kazi mara 17 ya ile ambayo mtambo ungeweza kutoa katika mtungi huohuo. Maji yale yana thamani kwa sababu yameanguka juu, nyumbani, badala ya kule chini bondeni. Ukishayapitisha katika mtambo na kuyaacha yatiririke shambani, umeuza ng'ombe ili ununue kamba.

Hesabu iendelee. Nyumba inayotumia lita 100 kwa siku hutumia lita 36,500 kwa mwaka. Paa letu lilipata 80,000, kwa hivyo hata tukipoteza nyingi kwa gata zinazovuja na mvua inayofurika tangi, yanabaki ya kutosha. Mitungi 1,825 haitabebwa. Kwa dakika 40 kila mtungi, ni saa 1,216. Tukihesabu siku ya kazi kuwa saa 8, ni siku 152 za mama mmoja au za binti yake. Tangi la lita 5,000 litashikilia nyumba hiyo siku 50 bila mvua, na katika sehemu zenu ni nadra kukosa mvua kabisa siku zote hizo, isipokuwa kati ya Desemba na Februari, ambapo itabidi mpunguze matumizi au mshuke chemchemi siku chache.

Hatutaeleza ujenzi wote, ila machache ambayo tumeona yakiharibu kazi nzuri. Lita 5,000 ni tani 5, kwa hivyo msingi uwe imara kabla ya tangi kufika, siyo baadaye. Gata iteremke kiasi cha sentimita moja kwa kila mita, isishikilie majani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, maana imeosha vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wa mbu. Bomba liwe juu ya sakafu kiasi cha mtungi kuingia chini yake. Inashangaza ni mara ngapi fundi wa jua kali husahau hilo, na watu huishia kuchota kwa kikombe.

Mahali ambapo mvua huwa stima

Lakini vijana wasivunjike moyo, maana wazo lao lina mizizi. Stima nyingi tulizotumia Kenya kwa miaka mingi zilikuwa mvua. Mvua inayonyesha Mlima Kenya na Nyandarua hukusanywa na mto Tana ikapita katika mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mwaka wa 2000, ukame ulipokausha mabwawa, sote tulikaa gizani kwa mgao. Tofauti kati ya Masinga na gata yako ni tatu: mlima umekusanya maji ya mapaa mamilioni, maji yanashuka kimo kirefu, na udongo na misitu huyaachilia pole pole hata siku ambazo hakuna mvua.

Si lazima iwe kubwa kama Masinga. Hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, ilijenga mtambo wake wa maji mtoni mwaka wa 1987. Katika Kirinyaga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Kathamba walipata kilowati 1.1 kutoka kijito kidogo, wakagawana nyumba 65. Gawanyeni mwone: wati 17 hivi kwa nyumba, taa mbili ndogo na redio. Ni kidogo, lakini iliwaka usiku kucha, kila usiku, na koroboi zikawekwa kando. Huko Tungu-Kabiri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, wanakijiji walichanga na kuchimba kwa mikono yao mtambo wa kilowati 18 wakati uo huo.

Kipimo chetu kinafanya kazi hapa pia. Tuseme kijito chenu hutoa lita 20 kwa sekunde, yaani mtungi mmoja kila sekunde, na kuna mahali maji yanaweza kuteremshwa kwa bomba mita 15. Mita 15 ni mara tano ya paa, kwa hivyo kila mtungi ni dakika 5 za balbu, na unakuja kila sekunde. Dakika 5 ni sekunde 300. Balbu 300 zitawaka pamoja. Toa nusu iliyopotea, balbu 150, usiku na mchana. Ni kijito tu hicho, wala hakina sifa yoyote kijijini.

Kupima si kazi ngumu. Kingeni maji yote ya kijito kwa ukingo wa udongo, yapite katika bomba moja, kisha hesabuni sekunde ngapi ndoo hujaa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, ni lita 5 kwa sekunde. Kimo hupimwa kwa mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama fundi apimavyo msingi wa nyumba, hatua kwa hatua kuteremka mlima. Ila pimeni mwezi wa Februari. Anayepima Aprili anapima mafuriko, na atanunua mtambo utakaolala nusu ya mwaka. Kisha, kabla ya kuchimba, waoneni chama cha watumiaji maji cha mto wenu na ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, maana kugeuza maji ya mto kunahitaji kibali, na jirani aliye chini ya mto ana haki yake.

Kwa kikundi cha Vihiga

Huyo kijana mkaribisheni tena, kwa heshima, na chai. Mwulizeni maswali haya mbele ya wote: Mtambo wako unatoa uniti ngapi kwa mwezi wa Aprili, na ngapi kwa mwezi wa Januari? Paa la ukubwa gani ulipimiwa? Ni nyumba gani tunayoweza kwenda kuuona ukiwa umekaa mwaka mzima? Mwonyesheni mtungi na kamba. Kama ana majibu yenye tarakimu, yaandikeni mtuletee, tutayachapisha. Kama hana, mweka hazina anajua kitabu kiko wapi.

Kwa maoni yetu pesa zenu ziende kwenye gata na tangi kama mlivyopatana, na nyumba zenye watoto wa shule ziangaliwe kwa taa ndogo za sola katika mzunguko unaofuata. Vijana nao wapewe ndoo, saa na mpira wa kupimia.

Maswali ya kujadiliana: Paa lenu ni mita mraba ngapi, na mvua ya kwenu ni milimita ngapi? Nani katika nyumba hubeba maji, na angefanya nini na saa hizo? Ni nani aliyewahi kuona mtu akipigwa na radi, na waliokuwepo walifanya nini? Je, kuna kijito katika kata yenu ambacho hakikauki Februari, na mashamba ya nani yako juu yake na chini yake?

Vikundi vitakavyopima kijito vituandikie mambo matatu: lita kwa sekunde, kimo kwa mita, na tarehe ya kupima.